Kidonge cha presha cha masaa 24: nimekimeza miezi kumi na moja, haya ndo niliyoyaona

Nimetumia nifedipini, dawa ya kushusha presha, za aina mbili, ile ya kawaida inayoyeyuka haraka na hii ya 30 mg inayotoka taratibu siku nzima, na hii ya pili naingia nayo mwezi wa kumi na mbili sasa kwa hiyo naona naweza kuizungumzia vizuri. Naandika kirefu kidogo maana wakati naanza nilitafuta mtu anieleze kwa lugha ninayoielewa sikumpata, na ile karatasi ya ndani ya boksi maandishi yake madogo mno halafu nusu yake inahitaji uwe umesomea.

Kwanza kabisa, dawa ni ile ile. Nifedipini ya kwenye kidonge cha kawaida na ya kwenye hiki hazina tofauti yoyote, kinachobadilika ni chombo kilichoibeba. Na mimi hapa nakipima hicho chombo, kwa sababu ndo kilichonibadilishia maisha.

Ile ya kawaida nilikuwa nameza 10 mg mara tatu kwa siku. Ukimeza, ndani ya nusu saa hivi unajua kabisa imeingia, uso unawaka moto, masikio yanapwita, moyo unaenda mbio kama umepanda ngazi ghorofa tano, halafu kichwa kinaanza kugonga. Presha ilikuwa inashuka, hilo siikatalii. Ila mwili unaiondoa hii dawa upesi sana, kila masaa mawili hivi ile iliyomo kwenye damu inapungua nusu, kwa hiyo ikikaribia saa ya dozi inayofuata umeshaanza kupanda tena. Unaishi kwenye mawimbi, juu chini juu chini, na ukisahau dozi ya mchana ndo basi, na ya mchana nilikuwa naisahau karibu kila wiki kwa sababu mchana mtu uko kazini kichwa kimejaa mambo.

Na moyo kwenda mbio wala sio uoga wako, kama wengine wanavyoambiwa. Mishipa ikifunguka ghafla mwili unastuka, unahisi presha imeanguka, unauamuru moyo ukimbie kufidia. Ile ile dawa ikiingia polepole mwili hauna cha kustukia. Hapo ndo niliposhika kitu ambacho sikukijua, kwamba mwendo wa dawa kuingia una uzito sawa na kiasi cha dawa chenyewe. Zamani kulikuwa na mazoea, mtu presha ikipanda sana anapewa kapsuli ya nifedipini anaitoboa anaiweka chini ya ulimi ishuke faster faster, na watu walipata kiharusi na mshtuko wa moyo kwa kushushwa kwa kasi hiyo, mpaka mwaka 1996 madaktari wakaandika kwenye JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, kwamba hiyo kitu isimamishwe. Dawa iliyowadhuru ndo hii hii ninayoimeza mimi kila asubuhi kwa amani. Tofauti ni mwendo tu.

Sasa kidonge chenyewe. Cha duara, rangi ya waridi, kigumu kuliko unavyotegemea. Siku moja nilitenga viwili kwa ajili ya kuviangalia tu. Cha kwanza nilikiweka kwenye kibao nikajaribu kukikata kwa wembe, ngozi yake ikagoma, haivunjiki kama panadol, ni kama plastiki ngumu, nilikandamiza mpaka kikaruka kikaangukia chini ya meza. Kilivyokubali kupasuka nikaona ndani kuna tabaka mbili zimelaliana, moja ya njano na nyingine nyekundu nyekundu ya giza. Ya njano ndo dawa, nifedipini ina rangi ya njano na haipendi mwanga, ndo maana imefunikwa hivo. Ile nyekundu haina dawa hata chembe. Halafu upande wa tabaka ya njano, ukiinua kidonge kwenye taa, kuna tundu moja dogo sana kama limechomwa na ncha ya sindano. Hilo tundu limetobolewa kwa leza.

Cha pili nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, nikawa nabadilisha maji yakipoa. Saa nzima hakuna kitu. Nilivyorudi baadae nikakuta uzi mwembamba wa njano unatoka pale kwenye tundu unashuka mpaka chini ya glasi, unatoka tu, hauongezeki haupungui. Nilikaa pale nakiangalia muda mrefu kuliko nilivyopanga. Jioni kidonge bado kizima, umbo lile lile, ila maji yamebadilika rangi.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Ile ngozi ya nje ni utando wa selulosi asetati, unaruhusu maji kuingia lakini hauruhusu dawa kupita. Maji yakiingia, tabaka ya njano inalainika inakuwa kama uji, na ile nyekundu ambayo ina chumvi pamoja na polima ya kufura inanyonya maji inavimba. Ikivimba haina pa kwenda, inasukuma uji wa dawa utoke kwenye tundu, sawasawa na kusukuma bomba la sindano kidogo kidogo siku nzima. Ni osmosisi ile ile ya shuleni, ya viazi kwenye maji ya chumvi. Na kwa kuwa kasi ya maji kuingia inaamuliwa na utando, sio na tumbo lako, dawa inatoka kwa kiasi karibu kile kile kila saa, tumbo liwe na asidi nyingi au kidogo, utumbo uwe unasukasuka au umetulia, haijali sana. Hicho ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote, kwamba hakitegemei bahati.

Teknolojia hii ilitoka kwenye kampuni ya Marekani inaitwa Alza, ilianzishwa mwaka 1968 na Alejandro Zaffaroni, mzaliwa wa Uruguay, na aliyeifanya hii pampu, yaani kidonge kinachosukuma dawa chenyewe, iwe kitu cha kumezeka ni Felix Theeuwes katika miaka ya 1970. Pampu ya kwanza ilikuwa na chumba kimoja na ilifaa dawa zinazoyeyuka vizuri kwenye maji. Nifedipini haiyeyuki vizuri, ndo ikabidi waongeze ile tabaka ya pili ya kusukuma. Ikaidhinishwa Marekani mwaka 1989. Yaani kitu hiki kina zaidi ya miaka thelathini na bado watu tunapewa bila hata sentensi moja ya maelezo!

Matokeo. Nilikuwa napima presha kila asubuhi kabla sijatoka kitandani, naandika kwenye daftari. Nikiwa kwenye ya mara tatu asubuhi zangu zilikuwa 158 kwa 98 na kuzunguka hapo hapo, kwa sababu usiku dawa ilikuwa imeshaisha. Wiki ya tatu ya hiki kidonge nikaanza kuona 134 kwa 84, na imekaa maeneo hayo mpaka leo. Kichwa kugonga kuliisha wiki ya kwanza. Moyo kwenda mbio uliisha siku ile ile. Msijiandae kuona mabadiliko ukishameza tu, masaa mawili ya mwanzo karibu hakuna kinachotoka maana maji bado yanaingia, halafu inapanda taratibu mpaka kama saa ya sita ndo inatulia kwenye usawa wake na kubaki hapo. Kwa hiyo hiki sio kidonge cha dharura. Presha ikikupanda ghafla ukameza hiki ukisubiri nafuu utasubiri sana, nenda hospitali.

Sasa nieleze lililonipata, na hili ndo hasa lililonikalisha kuandika. Mwezi wa tano nilienda kuchukua dawa, duka moja hivi sitalitaja, wakasema 30 zimeisha zipo 60, na aliyenihudumia akaniambia chukua tu dada, kata katikati umeze nusu, ni hesabu ile ile. Nikaona ni kweli, nusu ya 60 si ni 30. Nikakata kwa kisu nikameza nusu asubuhi. Haikupita saa moja nikaanza kuwaka uso kama zamani, ila safari hii mara kumi, moyo unagonga mpaka kwenye meno, nikasimama niende kuchukua maji nikaona dunia inafungwa giza kutoka pembeni kuja katikati. Nilianguka mlangoni pa jiko. Mume wangu alinikuta chini. Tulipofika kwa daktari mashine ikasoma 84 kwa 50, nikalazwa miguu juu, nikawekewa drip, wakaniangalia mpaka jioni.

Daktari alivyoniuliza nimemeza nini nikamwambia, akaniuliza, umekimeza kizima? Nikasema nimekata. Akashika kichwa.

Hesabu yenyewe fanyeni pamoja nami. Ile nusu ilikuwa na 30 mg. Ngozi ikishakatwa hakuna tundu tena wala pampu, ni dawa imekaa wazi, inaingia kwa mkupuo. Nilikuwa nalalamika juu ya 10 mg ya mkupuo, hapo nikajipa mara tatu yake kwa pamoja. Kusaga, kutafuna, kukata, yote matokeo ni yale yale, mzigo wa masaa 24 unaingia kwa saa moja. Kwa dawa ya presha unaanguka, kwa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini unaacha kupumua. Na sio kisu tu kinachovunja chombo. Mwaka 2005 kuna dawa ya maumivu ya kutoka taratibu, Palladone, iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ilionekana pombe inaiyeyusha ile ganda yake na dawa yote inamwagika pamoja. Mtu anakunywa bia zake hajavunja kidonge wala nini, na chombo kimevunjika tumboni.

Kitu kingine kitakachokustua, ganda kutoka chooni. Ile ngozi haisagiki tumboni, inasafiri na njia yote inatoka ilivyoingia, ya rangi ya waridi, umbo la kidonge kabisa. Nilivyoiona mara ya kwanza nikadhani dawa inapita bure, nikawa najiuliza niongeze kingine. Usiongeze! Ni ganda tupu, kazi imeshafanyika, ukilibonyeza na kijiti utaona limelegea. Ila ukiwa unaharisha sana mweleze daktari, kidonge kinaweza kutoka kabla hakijamaliza. Na kama una utumbo mwembamba mahali, au uliwahi kukatwa utumbo, sema kabla hujaandikiwa, kwa sababu kitu kisichosagika kinaweza kukwama.

Dada yangu yeye ana sukari, anatumia metformini ya kutoka taratibu, na nilidhani ni kitu hiki hiki kumbe wala. Yake haina tundu wala ngozi ngumu. Dawa imechanganywa na polima ya haipromelozi ambayo ikikutana na maji inageuka kuwa jeli nzito, na dawa inapenya kutoka ndani ya jeli polepole. Anaambiwa ameze na chakula cha jioni, nikawa najiuliza kwa nini, mimi yangu wala sijaambiwa hivo. Sababu ni kwamba metformini inanyonywa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mdogo, ikishapita hapo ni kama basi limepita kituo. Chakula kinakizuia kile kijeli tumboni kikae muda mrefu kikiachia kidogo kidogo. Nifedipini yenyewe inanyonywa hata kwenye utumbo mpana, na hiyo ndo bahati yake kubwa, kwa sababu chakula kinakaa utumbo mdogo kama masaa matatu manne tu, kwa hiyo muda mwingi wa siku kidonge changu kiko huko chini. Dawa isiyonyonywa huko chini huwezi kuifanyia pampu ya masaa 24 ukategemea ifanye kazi. Mtu anayetengeneza hivi vitu lazima ajue kila kona ya hiyo safari, na kwa kweli nawaheshimu. Na dada kuhama kwenda kwenye hiyo kulimsaidia sana tumbo, ile ya kawaida ilikuwa inamwendesha vibaya mno.

Kuna aina ya tatu, ya kapsuli yenye punje punje ndani. Hiyo ndo mkongwe, kampuni ya Smith Kline & French ilitoa Spansule mwaka 1952, punje nyingi ndogo ambazo zimepakwa matabaka ya unene tofauti, nyembamba zinayeyuka mapema nene zinachelewa. Baadhi ya kapsuli za hivo unaruhusiwa kuzifungua ukameza punje bila kuzitafuna, kwa wenye shida ya kumeza ni msaada mkubwa. Na kuna kidonge cha metoprolo saksineti, dawa nyingine ya presha na moyo, kina mstari katikati na unaruhusiwa kukikata, kwa sababu ndani kimejaa punje na kila punje ina utando wake, ukikata unagawa punje tu, hauharibu pampu. Naona yule wa dukani pengine alikuwa amezoea hiyo akadhani zote ziko hivo.

Na hapa ndo kuna kero yangu ya kweli. Herufi zinazofuata jina la dawa kwenye boksi. SR, XR, ER, XL, LA, CR, MR, Retard, kila kampuni inachagua yake, hakuna kanuni ya kwamba herufi fulani maana yake pampu na fulani maana yake jeli au punje. Mgonjwa anaona LA, anaona XL, atajuaje ipi inakatika? Halafu zipo zilizofunikwa zisiyeyuke kwenye asidi ya tumbo, kama omeprazo ya vidonda vya tumbo, hizo zinachelewa kuanza lakini zikianza zinatoka zote, sio za taratibu, na watu wanazichanganya hizi na zile. Neno moja tu KUBWA mbele ya boksi, MEZA KIZIMA, lingetosha. Kwenye boksi langu lipo, kwenye karatasi ya ndani, ukurasa wa pili.

Kasoro nyingine za kidonge chenyewe. Vifundo vya miguu vinavimba jioni, hilo halikuondoka, ni tabia ya dawa yenyewe sio ya chombo, limepungua kidogo tu. Kisipokupenda huwezi kukirudisha, kidonge cha kawaida kikikusumbua unavumilia masaa machache kinaisha, hiki kikishashuka kitaendelea kutoa mpaka kimalize, na ukizidisha dozi utabaki hospitali muda mrefu kuliko mtu aliyezidisha ile ya kawaida. Na balungi liache kabisa, lile tunda linazuia mwili kuivunja nifedipini, inajaa kwenye damu.

Kwa wanaouliza kama kuna cha kwenda mbali zaidi ya siku moja, kwa presha mimi bado niko kwenye kidonge. Ila wazo ni lile lile la kuweka ghala mwilini likajitoa lenyewe. Sindano ya benzathini penisilini kwa wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi inachomwa kila wiki tatu au nne, chembe zake haziyeyuki upesi kwenye nyama. Insulini ya wenye sukari, mtafiti Hagedorn kule Denmaki alishaifanya ikawie mwaka 1936 kwa kuichanganya na protini inayoitwa protamini. Kijiti cha uzazi wa mpango cha mkononi kinakaa miaka mitatu, vingine mitano. Ninayemjua anacho, anasema amesahau upande gani.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kidonge ningekipa tano bila kufikiri, hiyo moja nimeipunguza kwa namna kinavyokabidhiwa kwa mgonjwa. Nikienda kuchukua dawa sasa nauliza swali moja tu kabla sijalipa, hiki kinakatwa au hakikatwi, na asiyejua namwomba amwite mfamasia. Wa mwezi uliopita alinijibu vizuri, akatoa kidonge akanionyesha tundu kwa tochi ya simu.

Leo nimemeza saa moja na robo asubuhi na glasi nzima ya maji. Sasa hivi ni saa tisa alasiri, kichwa kimetulia, moyo siusikii.